Kompyuta ya Mama Ina Sura Tatu

"Kompyuta imekuwa nyeusi tena," baba alisema kwenye simu, hata salamu hakutoa. "Njoo umwone mama yako. Akili zinamtoka huyu."

Binti ndiyo kwanza alikuwa amevua viatu. Kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta za maofisini, na wiki nzima alikuwa amepanda na kushuka ngazi za watu wasiojua wamebonyeza nini. Akavivaa tena viatu vyake, akavuka mji.

Kompyuta yenyewe ilitumia mfumo wa Linux, na ilikuwa na sura tatu. Ukishaiwasha, kabla hujaandika neno la siri, unabonyeza alama ndogo ya kigurudumu pembeni mwa kioo na kuchagua: sura ya picha kubwa kubwa, sura ya vidirisha, au ile nyeusi isiyo na kitufe hata kimoja, inayomtaka mtu mwenye vidole vinavyojua njia. Usipochagua, inakufungulia ile iliyotumika mara ya mwisho. Aliyeziweka zote tatu ni kitinda mimba wa nyumba ile, zamani, kabla baba hajamfukuza na kuapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena pale. Tangu hapo hakutajwa.

Binti alikuwa amemchagulia mama ile ya picha kubwa, akamfundisha mpaka sauti ikamkauka. Mama alitazama humo mitindo ya kushona. Lakini Jumapili baada ya Jumapili, wazee wakirudi kutoka kumjulia hali shangazi, baba akiketi asome habari, anakuta giza.

"Mimi kigurudumu chenyewe sikijui kilipo," baba alisema mlangoni. "Sasa nani? Panya? Na tukitoka, mlango wa uani mama yako anasahau kuufunga. Kesho anakwenda kwa daktari. Akiambiwa ni akili, cherehani naiuza, na mtu wa kumlinda namtafuta. Sitaki ajishone vidole."

Mama alikuwa anaosha vyombo, amewapa mgongo.

"Ni mimi, mwanangu. Nilibonyeza vibaya."

"Saa ngapi, mama? Si leo mlikuwa kwa shangazi?"

"Asubuhi. Au jana. Uzee huu, acha tu."

Aliyasema hayo kirahisi, kama mtu anayekiri kumaliza sukari. Urahisi ule ndio uliomtia binti hofu. Mama huyu huyu alikuwa akikata gauni kwa macho tu, bila kupima, na likamkaa mtu.

"Ungenipigia simu wewe mwenyewe ukikwama," binti alimwambia.

"Nikusumbue bure? Kwani giza linauma?"

"Linanimaliza miguu mimi!"

Mama akacheka. Binti hakucheka. Aliingia chumba cha kushonea, akasukuma vipande vya vitambaa, akaketi mbele ya kompyuta. Macho yalikuwa yanamwasha kwa uchovu. Njia aliiona moja tu: aziondoe sura mbili, ibaki ile ya picha. Ikibaki moja, pa kukosea hapatakuwepo. Baba atanyamaza, habari ya daktari itapoa, na cherehani itabaki mahali pake.

Mama akaja akasimama nyuma yake, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Nakutolea hizi nyingine, mama. Hutapotea tena."

"Na baba yako ataacha kelele?"

"Ataacha. Hata kwa daktari sidhani kama mtakwenda."

Binti akaandika amri, akangoja. Sura ya vidirisha ikaondoka. Mama akaitazama ikienda kama anayetazama maji machafu yakimwagwa. Binti akapiga miayo, akaandika amri ya pili, ya kuiondoa ile nyeusi. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha mwisho mama alipomshika mkono. Alimshika kwa nguvu. Vidole vyake vilikuwa bado baridi kwa maji.

Sebuleni baba alikohoa. Mama akangoja mpaka kikohozi kikaisha, kisha akainama sikioni kwa binti yake.

"Kwa daktari nitakwenda, na cherehani aiuze," alinong'ona. "Hiyo niachie. Jumapili nikirudi nisiikute, nitajuaje kama mdogo wako bado yu hai?"