Nibinye Kidole

Tone la mate lilimdondokea bibi shavuni. Sikujua lilitoka kinywani mwa mjomba yupi, maana wote wawili walikuwa wamemwinamia wakibishana, kila mmoja kamshika mkono mmoja.

"Hiyo ni roho inahangaika," alisema mjomba mkubwa, mzee wa kanisa, pumzi ya bibi ilipokoroma. "Inajiandaa kwenda kwa Muumba wake."

"Hayo ni mapafu, kaka," alijibu mdogo wake, mwalimu asiyeamini Mungu. "Yakisimama, basi. Hakuna kinachokwenda popote."

"Utachomwa moto wewe!"

"Kwa kuni za nani?"

Nililifuta lile tone. Midomo ya bibi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilikuwa na kikombe cha maji mkononi, lakini mabega yao yalinizibia njia.

"Tumuulize mwenyewe," alisema mkubwa. "Mama, kama unamwona Bwana, nibinye kidole."

"Mama, kama huoni kitu, nibinye mimi."

Wakaikodolea macho ile mikono kama watu wanaosubiri penalti. Bibi alifumbua macho, akakitazama kikombe.

"Kanibinya!"

"Muongo! Huyo katetemeka tu."

"Nakwambia kanibinya, shahidi Mungu!"

"Shahidi gani huyo asiyeonekana?"

Walicheka kidogo, wote wawili. Maisha yangu yote nimewajibu "ndiyo, mjomba" nikiangalia sakafu.

"Mwachieni mikono, wajomba," nilisema. "Mnanitia kinyaa."