Kidole cha Werema

Werema alizima ekskaveta, akashuka, akachomeka kidole chake kidogo cha mwisho kati ya patasi na bushi, pete ya chuma inayoishikilia, kwenye breka, ile nyundo ya mashine inayopasua mwamba.

Kiliingia mpaka fundo la pili, mahali ambapo hakikupaswa kupita kabisa. Kilipotoka, kilikuwa cheusi kwa vumbi la chuma.

Miezi yote hii alipiga grisi breka ikining'inia hewani. Kuisimamisha kwanza chini, patasi ikandamizwe, kungemlazimu apande tena kwenye mashine, na magoti yalikuwa yamechoka. Grisi ilijaa pasipofaa, bushi ikalika kavu.

Simu ikaita. "Malizia hilo jiwe moja," bosi akasema. "Fundi atatoka Rangwe Jumatatu."

"Bosi, patasi inacheza. Ikikatika itaruka."

"Moja tu, Werema."

Chini ya mwamba akina mama wa kokoto walikuwa wameketi, nyundo mapajani, wakingoja mawe ya kuponda.

"Omera, ndugu yetu, tuangushie!" mmoja akaita. "Tumekaa bure tangu asubuhi."

Werema alifuta kidole kwenye suruali. Hakikutakata. Akapanda, akachomoa ufunguo, akateremka polepole hadi walipokaa.

"Mama, kuna nyundo ingine? Hilo jiwe nitalipiga kwa mkono."