Wimbo wa Abiria wa Mwisho

"Rudia," Mwijage alisema, akivua hedifoni. "Kuna jogoo ameingia kwa mbali."

Lilian alifumba macho, akavuta pumzi kwa shida, akaanza upya. Saratani ilikuwa imemmaliza mwili, ila sauti ilikuwa bado yake.

Hapo nyumbani kwao Nshambya walikuwa wakirekodi albamu waliyoitunga kutokana na riwaya ya zamani ya kisayansi, waliyoipenda wote wawili tangu chuoni. Katika riwaya hiyo dunia imekufa, na chombo kimoja kinaelea angani kikiwa na mwanamke mmoja tu. Nyimbo nyingine waliziimba rafiki zao wa kwaya ya usharika. Ule wa mwisho, mwanamke yule anapoiaga dunia, Lilian aliutaka mwenyewe. Aliingiza humo jina la binti yao, Penina, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza.

"Huyu hatanikumbuka," alimwambia Mwijage, mumewe. "Mwachie huu. Nikishaumaliza vizuri, nitapumzika."

Kila siku aliimba. Kila siku Mwijage alisikiliza hadi mwisho akiwa amempa mgongo, kisha akapata sababu ya kurudia. Leo mvua kwenye bati, kesho bodaboda, keshokutwa mbuzi wa jirani.

Vestina, dada yake Lilian aliyetoka Muleba kuja kuuguza, alichemka. Yeye anamlisha mdogo wake uji kwa kijiko, anamgeuza kitandani, na huyu bwana anataka wimbo usio na doa! Alimwambia waziwazi jikoni kwamba anamtesa mgonjwa kwa kutafuta sifa. Mwijage aliosha vikombe. Kisha akarudi chumbani.

"Tutajaribu tena kesho, Mama Penina."

"Sawa," Lilian alisema, akatabasamu. "Kesho nitajitahidi zaidi."

Alifariki Alhamisi mchana, kabla hawajaanza. Walimzika kwenye kibanja cha kina Mwijage, Kagondo, katikati ya migomba.

Watu walipotawanyika, Vestina alimpakata Penina, akaketi mbele ya shemeji yake. Hasira ilikuwa imekwisha, yamebaki machozi.

"Shemeji, tuwekee ule wimbo. Hata kama una majogoo. Mtoto amsikie mama yake."

Mwijage aliitazama kompyuta bila kuigusa.

"Haukuwa na jogoo," alisema. "Ulikuwa mzuri tangu siku ya kwanza. Kila alipoumaliza, niliufuta, asije akapumzika."