Kidoti cha Mwanaidi

Enzi hizo mtu akifariki, picha zake zote zilifutika siku ileile, simuni na hata kwenye fremu za ukutani, na watu walishazoea. Lakini sura iliyochongwa kwenye ubao haikufutika. Ndiyo maana darasa la Bi Mwanakombo la kupiga chapa lilijaa kila asubuhi kwenye meli ya abiria iliyokuwa na safari ya siku nyingi.

Wanafunzi wengine walianza na samaki na maua. Bwana Mhando, aliyefiwa na mkewe, alichonga uso wa Mwanaidi kwa kumkumbuka tu. Alipaka wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, kisha akaibandua. Kwenye karatasi, mwanamke aliyekaribia kucheka akawa anawatazama.

"Ndiye!" alisema Bwana Mhando, machozi yakimlengalenga. Kisha akasita. "Ila kidoti chake kilikuwa kwenye shavu la pili."

"Chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, kaka yangu," alisema Bi Mwanakombo. "Kesho tutachonga upya, kinyume."

Kutwa nzima aliwaonyesha abiria karatasi yake, akala kwa hamu, akacheka nao. Bi Mwanakombo alifurahi kumwona hivyo.

Asubuhi akampa ubao mpya. "Haya, kidoti kilikuwa shavu gani?"

Bwana Mhando alifumba macho. Akagusa shavu la kulia, halafu la kushoto, halafu tena la kulia. Mwishowe akatabasamu.

"Tumwache tu, mwalimu. Yuko vizuri alivyo."

Bi Mwanakombo aliurudisha ubao kabatini polepole. Meli nzima ilishamjua Mwanaidi kwa karatasi ile, sasa hata mumewe, na duniani hapakuwa na picha iliyobaki ya kuisahihisha.