Glavu za Mghoi

Tangu wakalimani waondolewe kliniki, kiziwi aliyehitaji ushauri wa afya ya akili alivaa glavu zinazogeuza ishara kuwa sauti. Mghoi alivaa zake sebuleni, wiki chache baada ya kumzika mwanawe, akamweleza mshauri kwenye skrini kwamba anataka kufa amfuate mtoto.

Glavu zikasema, "Nimemkumbuka sana mwanangu."

Jibu la mshauri likaja kwa maandishi: "Ni kawaida, mama. Pumzika."

Mumewe Mwakio, aliyeisikia sauti na kuiona mikono, akapiga simu kliniki.

"Glavu hazikosei, baba," akaambiwa.

Mghoi akamgeukia. "Amenielewa kweli?" aliuliza kwa ishara.

Mwakio alimvua glavu, akaishika mikono yake miwili. Hakuthubutu kuiachia, maana akiiachia itambidi amjibu.