Kichupa cha Stumai

Zama hizo daktari hakumtazama mtu, alitazama damu yake tu. Kila Jumatatu watu walijitoa damu nyumbani na kuweka vichupa mlangoni. Stumai akiona sindano alilia mpaka akapaliwa, basi mama yake, kwa huruma, akawa anakijaza kichupa cha mwanawe damu yake mwenyewe.

Mtoto alipolegea kwa homa, akambeba mbio hadi dirisha la dawa, kwa muuguzi.

"Mama Stumai, usitusumbue. Damu ya mwanao safi kuliko yangu mie!"

"Mtazame basi, dada!"

"Sheria hairuhusu. Kichupa hiki, kijaze."

Akamfunga mwanawe mpira mkononi.

"Nichome tu, mama. Leo silii."

Akachoma, akachoma tena. Mishipa ilikwisha nywea kwa homa; kichupa kikabaki kitupu.