Tatu wa Kilo Sitini

Zaituni alifika ofisini kwa mumewe na bakuli la pilau, akamsikia nyuma ya mlango akimwambia mwenzake, "Tatu usimsukume kwa nguvu, ana kilo sitini tu."

Pilau nusura imwagike. Akasukuma mlango, akaingia.

"Tatu ndiye nani, Mwinjuma?"

Mumewe, mhandisi, akacheka, akamgeuzia kompyuta. Alikuwa akijaribu viti vya basi kabla havijatengenezwa. Kila abiria kamfanya gololi, haina kichwa wala miguu, ina uzito tu. Basi likifunga breki, gololi zote zinasukumwa mbele, naye anatazama kama viti vitahimili.

"Huyu Moja, huyu Mbili, huyu Tatu. Ni namba, mke wangu!"

"Moja na Mbili wa kijivu. Mbona Tatu kapakwa rangi ya waridi?"

"Ili nimwone vizuri."

"Ehee! Umwone! Haya, breki iko wapi?"

Akaonyeshwa, akabonyeza kwa kidole chenye hina. Gololi ya waridi ikaruka, ikagonga kiti cha mbele, ikarudi ikitetemeka.

"Pole, Tatu," ikamtoka Mwinjuma.

Zaituni hakumtazama. Kidole chake kilikuwa bado juu ya breki.